Kisimba Polycarpe, Mhunzi Aliyemsomesha Binti wa Tshimanga

Tata Kisimba Polycarpe, mhunzi wa karakana yetu ya Kolwezi, alistaafu Jumamosi tarehe 27 Juni 1959, baada ya kazi ya miaka thelathini na miezi miwili. Wenzake waliniomba mimi, karani wao, niandike habari zake katika gazeti letu la wafanyakazi. Walisema ni kwa sababu kalamu iko mkononi mwangu. Mimi nilikubali kwa sababu nyingine, ambayo msomaji ataiona akifika katikati.

Alizaliwa karibu na Kabalo, kando ya mto. Mwaka wenyewe haujui. Padri aliyembatiza alimtazama meno na mabega, akaandika 1906, na tangu siku hiyo Tata Kisimba ameushika mwaka huo kama wake. Aprili 1929 aliajiriwa kwenye reli iliyokuwa ikijengwa kutoka Tenke kwenda magharibi. Alibeba mataruma begani mpaka Mutshatsha na kupita. Mwaka 1938 aliingia karakana kunoa vyuma vya kutobolea mawe, na hapo mbele ya moto ndipo tulipomkuta sisi wengine wote.

Hakuna aliyejua chuma kama yeye. Mwaka mmoja injinia kijana alileta chombo kipya cha kupimia joto. Mara tano mfululizo Tata Kisimba alisema “tayari” kabla ya chombo kusema, na mara tano chombo kilimfuata. Injinia alicheka, akakirudisha katika sanduku lake, na sanduku hilo bado liko juu ya kabati langu. Sauti ya Tata Kisimba, kwa upande mwingine, haikupewa kipaji hicho. Katika kwaya ya parokia alikaa majuma mawili tu, kisha padri akamwomba kwa upole aendelee kumwimbia Mungu moyoni.

Mhunzi hafanyi kazi peke yake. Yeye anashika chuma cha moto kwa koleo juu ya fuawe, na mwenzake anapiga kwa nyundo kubwa. Kwa miaka kumi mwenzake huyo alikuwa Tshimanga, mtu wa Kasai, mrefu, mwenye maneno machache. Mmoja alitoka kaskazini ya Katanga, mwingine Kasai. Nyumbani kila mmoja alisema lugha yake, na kazini walielewana kwa macho.

Juni 1948 Tshimanga aliugua mapafu, akafa baada ya siku nne. Aliacha mke, Mama Ntumba, na watoto watatu. Mkubwa alikuwa Mbelu, msichana wa miaka tisa, wa kwanza darasani kwa masista. Kama ilivyo desturi ya kambi ya wafanyakazi, nyumba ni ya mfanyakazi. Akifa, mjane na watoto wanarudishwa kwao. Mama Ntumba alipewa tiketi za kurudi Kasai.

Tata Kisimba aliomba ruhusa ya siku mbili awasindikize mpaka Tenke, mahali pa kubadili gari moshi, kwa sababu mizigo ilikuwa mingi na watoto wadogo. Pale stesheni walingoja tangu asubuhi mpaka alasiri. Mbelu alikaa juu ya furushi akiwasomea wadogo zake kitabu cha darasa. Kitabu kilipokwisha, alikigeuza akaanza tena ukurasa wa kwanza. Mama yake alikuwa akimtazama. Gari moshi la kaskazini lilipoanza kuonekana, alisimama.

“Tata Kisimba,” alisema, “kule kwetu shule ya batoto banamuke hakuna. Huyu nikienda naye, masomo yake inakufa. Munichungie yeye.”

Tata Kisimba alimwuliza kama ana hakika.

“Hapana,” alijibu Mama Ntumba. “Lakini munichungie.”

Alivua kitambaa chake mwenyewe, akamfunga Mbelu kichwani, akapanda na wale wadogo wawili bila kugeuka nyuma. Tata Kisimba amefanya kazi na wanaume wenye nguvu maisha yake yote, lakini ameniambia zaidi ya mara moja kwamba hajaona mtu mwenye nguvu kama mama yule.

Alirudi Kolwezi na mtoto, bila kuwa amemwuliza mkewe. Mama Mbuyu Ernestine alikuwa na watoto watano katika nyumba ya vyumba viwili. Yeye mwenyewe anasimulia kwamba alipomwona Mbelu mlangoni alikasirika sana, akamwambia mumewe maneno ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapa. Kisha akaona mtoto amekaza macho asilie.

“Akuje akule,” akasema. “Wewe, Polycarpe, tutasemezana kisha.”

Hapa ndipo ninapoingia mimi. Wakati huo nilikuwa karani wa ofisi ya kambi. Mtoto asiyeandikwa hana posho, wala haruhusiwi kukaa shuleni, na Mbelu hakuwa ameandikwa popote. Jumatatu Tata Kisimba alikuja, akaomba jina la Mbelu litiwe kati ya watoto wake. Mkuu wa kambi, Mzungu mwenye kufuata sheria neno kwa neno, alikataa. Jumatatu ya pili alikuja tena, akakataliwa tena.

Nilimfuata nje kwenye ngazi. Mimi ni mtu wa Kasai kama Tshimanga. Nilikuwa mmoja wa waliobeba jeneza lake. Nyumba yangu ilikuwa na nafasi, maana nilikuwa na mtoto mmoja tu, na kwa karani kuandika jina kungekuwa rahisi zaidi. Sikulisema hilo. Nilisema, “Uache, Tata. Kila mutu na kwao.”

Alinigeukia bila hasira.

“Henri,” alisema, “wewe kazi yako ndio kuandika. Siku bakikubali, uandike muzuri.”

Jumatatu ya tatu alikuja na Mbelu, na kitabu. Mkuu wa kambi alifungua ukurasa wowote, akamwamuru asome. Mbelu alisoma kwa Kifaransa mpaka mwisho wa ukurasa, akafunua wa pili, akaendelea bila kuambiwa. Mkuu alimwachia afike ukurasa wa nne. Kisha akachukua karatasi, akaandika kwa mkono wake: mtoto huyu ataishi na kusoma katika kambi hii, kwa muda wote ambao Kisimba Polycarpe anafanya kazi hapa. Nami nikaandika jina katika kitabu cha kambi. Niliandika vizuri.

Sharti hilo dogo la mwisho hakulitazama mtu. Lilikuja kuonekana mwaka 1951, pale msimamizi mkuu alipompendekeza Tata Kisimba kuwa kiongozi wa wahunzi huko Jadotville. Nyumba ya matofali yenye vyumba vinne, koti la kiongozi, wahunzi kumi na wawili chini yake. Alikataa. Aliulizwa sababu, akasema hali ya hewa ya kule haimfai, jambo lililochekesha karakana nzima, maana ni mtu anayekaa mbele ya moto tangu asubuhi. Wengine walisema anaogopa madaraka. Wengine walisema mkewe ndiye mwanaume nyumbani. Yeye aliendelea kunoa vyuma vyake. Barua ya mkuu wa kambi ilikuwa na nguvu hapa tu. Kule Jadotville, Mbelu angekuwa tena mtoto asiyeandikwa.

Nafasi ilikwenda kwa Banza, kijana aliyefundishwa na Tata Kisimba tangu kushika koleo. Miaka miwili baadaye Banza aliletwa Kolwezi, kiongozi wa mwalimu wake. Miaka sita ya mwisho Tata Kisimba alipokea amri kutoka kwa mtu aliyemfundisha, na Banza anashuhudia kwamba hakupokea hata moja kwa uso uliokunjamana. “Mimi ndiye nilikuwa na haya,” Banza ameniambia. “Yeye alinisalimu kila asubuhi kwanza.”

Mwaka 1954 masista walimchagua Mbelu aende shule ya bweni ya Elisabethville kujifunza ualimu. Orodha ya vitu ilitaka sanduku. Tata Kisimba alipewa mabati yaliyotupwa, akalitengeneza mwenyewe saa za mapumziko. Alilitengeneza kama anavyotengeneza kila kitu, lisivunjike milele. Wapagazi wawili walishindwa kulipandisha kwenye behewa, na sista aliyelipokea aliandika barua kuuliza kwa heshima kama kulikuwa na ulazima wa kuleta pia fuawe.

Likizo ya 1956 ndiyo nusura iharibu yote. Mbelu, sasa msichana wa miaka kumi na saba, alisikia kwenye bomba la maji jinsi nyumba ya Jadotville ilivyopotea, na kwa ajili ya nani. Alirudi nyumbani na ndoo tupu. Alimkuta Tata Kisimba ameketi uani, miguu ndani ya beseni la maji ya moto, maana tayari magoti yalikuwa yakimsumbua.

“Tata, sirudie tena kule shuleni,” alisema. “Nitatafuta kazi ya kulea batoto ya Bazungu. Mumechoka kwa ajili yangu. Inatosha.”

Tata Kisimba alianza kutoa miguu kwenye beseni. Lakini aliyemjibu ni Mama Mbuyu, kutoka jikoni, na mwiko mkononi.

“Unaacha? Banangu batano balilala chini miaka nane, ili wewe upate nafasi ya kutandika bitabu. Ukiacha leo, balilala chini bure. Utamaliza, Mbelu. Kisha ukipenda kulia, tutalia sisi bote pamoja.”

Walilia papo hapo, bila kungoja. Lakini Jumatatu Mbelu alipanda gari moshi, na Tata Kisimba ndiye aliyesukuma sanduku mpaka stesheni juu ya baiskeli.

Siku hizi maneno mabaya yamekuwa mengi mjini; nani mwenyeji, nani mgeni, nani arudi kwao. Nisingeyataja katika gazeti la furaha, lakini yalimfikia Tata Kisimba. Mwaka jana, baada ya misa, watu wa upande wake walimzunguka wakamwuliza kwa nini alitumia miaka kumi kulisha mtoto wa wageni, wakati watoto wa kwao wapo. Nilikuwa nimesimama karibu, na wao hawakujali kwamba nasikia.

Tata Kisimba alinyanyua mikono yake miwili, akaitandaza mbele yao.

“Baba yake alipiga nyundo mbele ya hii mikono miaka kumi,” alisema. “Muhesabu bidole.”

Vyote kumi vilikuwepo. Waliachana taratibu, mmoja mmoja, na mimi nilikwenda nyumbani kwa njia ndefu, nikiona haya upya kwa lile neno langu la kwenye ngazi. Ndiyo sababu niliyoitaja mwanzoni. Nilitaka niwe mimi wa kuandika haya.

Julai 1958 Mbelu alipata cheti chake. Tangu Septemba anafundisha wasichana wa darasa la kwanza katika shule yetu ya kambi. Kabla ya kuingia darasani mara ya kwanza alimwandikia mama yake barua, na Mama Ntumba alitafuta mtu wa kumsomea. Jibu lake lilikuwa la mistari miwili: kwamba amesikia, na kwamba sasa anaweza kugeuka nyuma.

Sasa nieleze Jumamosi yenyewe. King'ora cha saa saba kilipolia, Tata Kisimba alitundika koleo lake, akashikana mikono na Banza, akatoka langoni. Nje alikuta wasichana thelathini na wanane wamejipanga mstari, wameoga, wamechana nywele, na mwalimu wao nyuma kabisa. Hawakuwa na wimbo wala hotuba. Mbelu anajua kwamba hotuba zinamtia jasho. Walikuja kumsalimu tu.

Alianza mwanzo wa mstari. Alimshika kila mtoto mkono, akainama licha ya magoti, akamwuliza, “Wewe ni mutoto wa nani?” Kila mmoja alitaja baba yake, na yeye alikuwa na neno kwa kila jina, maana aliwajua wote: huyu dereva wa gari la mawe, huyu fundi wa umeme, huyu wa Kasai, huyu wa Kongolo, huyu Mlunda wa Mutshatsha. Ilichukua karibu saa nzima. Sisi tuliokuwa na njaa hatukuondoka.

Mwishoni alifika kwa Mbelu. Kwa mzaha, bila kuacha mkono wake, alimwuliza kama wengine.

“Na wewe, ni mutoto wa nani?”

Mbelu alisimama wima kama mwanafunzi anayejibu sista.

“Wa Tshimanga na wa Ntumba,” alisema. “Wa Kisimba na wa Mbuyu.”

Agosti Tata Kisimba na Mama Mbuyu watapanda gari moshi kwenda Kabalo. Tata Kisimba, karakana nzima inakushukuru. Mama Mbuyu, na wewe pia, na watoto wako watano waliolala chini. Mama Ntumba, popote gazeti hili litakaposomwa mbele yako, tunainama. Nendeni salama, mpumzike, magoti yapone, na mto wa kwenu uwapokee. Maisha yenu yaliyobaki yawe mema.

Henri Kabongo, karani wa karakana