Mwili wa Anitha kwa Kiingereza

Mwaka tisini na nane benchi letu lilikuwa mbele ya duka la mashine za kufulia pale Germantown, Marekani. Jumamosi nguo zikizunguka ndani, sisi nje tunakunywa kahawa ya tangawizi kutoka chupa ya Mwatime wa Mombasa. Gwakisa, dereva wa teksi, tulimwita Balozi kwa kuwa aliwahi kuendesha gari la ubalozi. Ndirangu, Mkenya, alikuwa anasomea uhasibu na kila kitu kwake ni hesabu.

Jumamosi moja mwenzetu Anitha, aliyekuwa akihudumia wazee, alikuja akichechemea, katoka kwa daktari. Alikwenda kwa ajili ya goti. Hata hajakaa vizuri, daktari akamwambia yeye ni obese, apunguze mwili, akatoka zake bila kuligusa goti. Anitha akatuuliza neno hilo kwa Kiswahili ni nini.

— Bonge, alisema Balozi, kisha akaona haya. — Yaani mnene. Mnene sana.

— Kwetu mtu hasemwi hivyo, alisema Mwatime. — Huambiwa amenawiri.

Anitha akasimulia kwamba mwaka jana, alipokwenda kusalimia kwao Mwanza, shangazi zake walimpigia vigelegele, wakisema Marekani imemkubali. Mwili ni huu huu. Alitaka kujua umeharibikia wapi njiani.

— Ni mizani, alisema Ndirangu. — Unatoka nyumbani na kilo tisini. Ukishuka hapa uwanja wa ndege wa Dulles unaambiwa wewe ni karibu pauni mia mbili. Daktari ataacha kushtuka?

Balozi akasema hapana, ni ndege: wenye ndege walipobana viti, ikabidi madaktari wawatafutie jina watakaokwama. Mwatime akashikilia kuwa ni husuda tu, kwani madaktari wa hapa wengi hawana mashavu. Tukacheka. Anitha naye alicheka kidogo, mkono juu ya goti.

Pembeni alikaa Fathiya, binamu yake Mwatime, aliyefika wiki ile kutoka Unguja.

— Hilo goti limeanza lini kumuuma?

Alituuliza sisi. Tukatazamana, hakuna aliyejua.

— Tangu nilipomnyanyua bibi mmoja kazini, alisema Anitha polepole. — Aliteleza, akaniangukia. Nilisikia kitu kinakatika.

Ndirangu aliweka kikombe chini, akaenda kuleta gari lake.

Daktari wa pili, tuliyempelekea kule Columbia, alilishika goti, akalikunja, akalinyoosha, akasema kuna kano imechanika.