Ekua Otuwa Essuman, Aliyeulizwa Akajibu

Ekua Otuwa Essuman alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Mei 1941, mjini Saltpond, mtoto wa mwisho wa fundi mwashi Kwamena Essuman na Bibi Esi Otuwa, aliyeuza kenkey, madonge ya unga wa mahindi uliochachuka, kwenye njia ya sokoni. Alitanguliza miguu, na mkunga akasema huyu hatageuzwa na mtu. Hakugeuzwa.

Aliingia shule ya misheni mwaka 1948. Dada yake mkubwa, Aba Mbroba, ambaye familia imempa heshima ya kuandika na kusoma maneno haya, alikomea darasa la sita ili ada ya Ekua ipatikane. Hajajuta hata siku moja, maana Ekua alikuwa wa kwanza kila muhula na Kiingereza kilimkaa mdomoni kama alizaliwa nacho. Mwaka 1958, akiwa darasa la mwisho la shule ya kati, mwalimu wake wa Kiingereza alimpa mimba. Jina la mwalimu huyo halitachapishwa kwenye karatasi hii. Wino tumeulipia sisi. Alipoulizwa asubuhi mbele ya wanafunzi wote mstarini, alisema, "Binti huyu simjui zaidi ya daftari lake." Wanafunzi wakacheka. Ekua alifukuzwa papo hapo. Mwalimu aliingia darasani akaendelea na somo.

Binti yake, Araba, alizaliwa Jumanne, tarehe 3 Februari 1959. Siku ya nane familia iliweka maji na pombe tayari, ikakaa tangu alfajiri ikimsubiri mwenye mtoto aje kumpa jina. Hakuja wala hakutuma mtu. Jua lilipokuwa kali, mjomba Ebo akampa mtoto jina la ukoo wetu. Mtoto aliyepewa jina na wajomba huchekwa mpaka anaota mvi, na Araba amechekwa. Kitu kimoja tu Ekua alikitaka maisha yake yote. Hakutaka fedha, hakutaka ndoa. Alitaka mtu yule aseme mbele za watu, "Ni wangu," kama alivyomkana mbele za watu.

Aliuza kenkey asubuhi, akasoma jioni, akapata cheti cha ualimu mwaka 1966. Alifundisha Kiingereza hapa Saltpond mpaka alipostaafu mwaka 2001, na nusu ya mnaojipepea hapo mbele mmechapwa naye.

Ndoa hakuipata. Bwana Tandoh, karani wa Sekondi, mtu mwema, alikuja kumposa mwaka 1967. Ekua alimwambia asubiri mtoto apewe jina na baba yake kwanza. Alisubiri, akachoka, akaoa kwao. Hilo nalo tunaliandika kwenye deni la mwalimu.

Mwaka 2002 redio ya Cape Coast ilimpa kipindi cha Jumamosi asubuhi. Watu walipiga simu kuuliza mambo ya Kiingereza: mkato unakaa wapi, neno hili na lile yana tofauti gani, barua ya kuomba kazi inafungwaje. Sisi Wafante na Kiingereza, tusifichane. Wako waliochelewesha mazishi ili wasikilize. Sheria yake ilikuwa moja: taja jina lako na kwenu, ndipo uulize. Kila jibu lilikuja na sentensi ya mfano, na mifano yote ilimhusu mtu mmoja.

Fundi cherehani wa Mankessim aliuliza habari za nyakati zilizopita. "Sikiliza, baba," Ekua alisema. "Mwalimu alimkana mtoto mwaka 1958. Hiyo imekwisha, ina tarehe yake. Mwalimu hajamkubali mtoto. Hiyo bado inaendelea, mpaka asubuhi ya leo."

Mama mmoja muuza vitenge aliuliza kuhusu mkato. "Mwalimu wetu, mkato, aliyemkana mtoto, mkato, anaimba kwaya. Ukiitoa hiyo mikato, mwanangu, watu watadhani walimu wetu walikuwa wengi. Alikuwa mmoja."

Mji ukaanza kuuliza ili usikie tu. Vijana walipiga: "Mama Ekua, leo mwalimu kafanya nini?"

"Uliza swali kwanza, mvivu we!"

Mwaka 2009 mwalimu mwenyewe, wakati huo keshakuwa mzee wa kanisa, alipiga simu akajiita Kojo wa Elmina. "Mama, swali langu ni hili: je, ni adabu kurudia mfano uleule miaka yote?"

"Kojo wa Elmina," Ekua alisema taratibu, "sauti hiyo ndiyo iliyonifundisha kusoma. Taja jina lako la kweli nikujibu."

"Mimi ni msikilizaji tu."

"Msikilizaji naye ana baba aliyempa jina. Wengine hawakupata. Taja lako, kisha umtaje mtoto, na mifano nitaibadilisha leo hii hii."

Simu ilikatika. Dada yake, aliyekuwa nyumbani akikanda unga, alipiga kelele za furaha mpaka majirani wakaja kuuliza nani kajifungua.

Juma lililofuata mwalimu alikuja kwa mlango wa nyuma na wazee wawili, chupa mbili za pombe na kondoo. "Ekua, tumeshazeeka. Tuyamalize kimya kimya."

"Kwani ulinikana kimya kimya?"

Kondoo alirudi alikotoka.

Mwezi Machi 2017 Ekua alipatwa na kiharusi, na kipindi kikafa. Mwalimu akaanza kunenepa. Walioko kanisani wanajua. Araba alimuuguza mama yake kwake Cape Coast bila kunung'unika. Siku za mwisho dada yake alimuuliza kama familia imsamehe yule mtu. Mdomo ulikuwa umepinda, lakini neno lilitoka: "Akisema." Alifariki Alhamisi, tarehe 20 Septemba 2018, akiwa na miaka sabini na saba.

Baada ya hapo mwalimu alituma pete na kitambaa vya kumzikia, kama afanyavyo mume. Familia imevirudisha. Uliyemkimbia akiwa hai huwezi kumuoa akiwa maiti.

Marehemu ameacha dada, Aba Mbroba; binti, Araba; wajukuu watatu, Ekow, Mensima na Kobina; na wanafunzi na wasikilizaji wengi. Hakuacha mume. Baba yake Araba yu hai, na ametuma habari kwamba atakuja, na kwamba angependa kukaa mbele. Atakaa mbele. Aba akimaliza kusoma, kipaza sauti kitaachwa wazi, na wapiga ngoma wameambiwa wanyamaze. Akisimama akasema, atatengewa mchuzi wa karanga pamoja na familia. Asiposimama, jeneza litapitishwa mbele yake polepole, na Saltpond nzima itakuwa imemwona amekaa.

Ekua, pumzika kwa amani. Wewe tu.