Mama Tapeti na Stadi Zilizolegea Kwenye Lori Kuukuu

Huyu tunayemsindikiza leo wateja walimwita Mama Tapeti, naye aliliitikia jina hilo haraka kuliko lile la kwenye kitambulisho. Alizaliwa tarehe 9 Mei 1957, mtoto wa pili na wa mwisho wa fundi magari na mshonaji, katika nyumba iliyopakana ukuta na gereji ya baba yake. Mama yao alisimulia kwamba kichanga hicho kililala fofofo injini ikinguruma; ikizimwa, ndipo kilio.

Alisoma shule ya msingi ya jirani, kisha sekondari, akamaliza mwaka 1975. Hesabu alizipenda. Kuimba hakukuwa fungu lake, na kwaya ya shule ilimwomba kwa adabu awe anapanga viti. Baba alipofariki mwaka uliofuata, gereji ilibaki mikononi mwa kaka yake, naye akavaa ovaroli kumsaidia.

Kazi iliyompa jina aliifanya mwaka 1981. Dereva mmoja alileta lori kuukuu lililokuwa likigonga kichwani mwa injini. Kaka alikuwa ameshaliseti tapeti mara mbili, yaani kurekebisha nafasi kati ya roka, mkono unaosukuma valvu, na valvu yenyewe, na kila mara kelele zilirudi. Safari hii marehemu alifungua kifuniko akalaza rula juu ya stadi, vile vyuma vinavyosimama kushikilia roka. Mbili zilikuwa zimechomoza kuliko zingine.

"Tapeti hazina kosa," alisema. "Stadi zinang'oka."

"Zigonge zirudi chini, useti, mteja aende zake," kaka alijibu.

"Zitapanda tena. Na huyu anapita mlimani."

"Unaniumbua mbele ya mteja?"

"Afadhali nikuumbue hapa kuliko msibani kwake."

Kaka alitupa kitambaa chini akatoka. Marehemu alibaki na lori. Alizivuta stadi zote, si zile mbili tu, akakata uzi wa skrubu ndani ya matundu, kifaa cha kukatia akiwa amekipaka grisi ili inase vumbi la chuma. Akafunga stadi mpya za skrubu. Kisha akaseti valvu moja moja, zikiwa zimefunga na pistoni iko juu, akipitisha kibati chembamba cha kupimia mpaka kikapita kwa kukwaruza kidogo tu.

"Dada, mbona unaishika kama mgonjwa?" dereva aliuliza.

"Mgonjwa angesema panapouma."

Injini iliwaka, ikatulia. Kaka aliisikia akiwa ng'ambo ya barabara kwa muuza chai. Alirudi, akaomba aonyeshwe namna ya kukata ule uzi. Tangu hapo vichwa vya injini vikawa kazi ya dada yake.

Baadaye dereva alirudi.

"Limeharibika nini tena?" kaka aliuliza.

"Halina kitu."

"Sasa umefuata nini?"

Dereva alimtazama marehemu, akakuna kichwa.

"Basi kasubiri nje," kaka alisema. "Huyu ana kazi."

Alisubiri. Walifunga ndoa tarehe 12 Novemba 1983, wakajaliwa binti wawili na mtoto wa kiume.

Mwaka 2016 mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka. Alificha kwa muda, akiegemeza kiwiko kwenye bodi ya gari. Asubuhi moja alimzuia mteja aliyekwisha kuwasha gari asiondoke. "Sijairidhia kazi hii," alimwambia. "Mkono umenidanganya." Akamkabidhi kaka spana, akaenda kukaa kwenye benchi. Waliokuwepo walimwona akifuta machozi; wakaendelea na kazi, kwa kuwa hakupenda kubembelezwa. Baada ya hapo alifanya kazi kwa masikio, akisikiliza injini na kuwaambia wengine pa kurekebisha, mpaka miguu nayo ikagoma.

Mwezi wa kwanza mwaka 2024 alilazwa kwa homa ya mapafu. Jioni ya tarehe 3 Februari kaka alikuwa akimlisha supu, gari likawashwa nje ya dirisha la wodi.

"Mkanda umelegea," marehemu alinong'ona.

"Si gari letu hilo, dada."

"Lina mwenyewe."

Kaka aliweka bakuli chini, akatoka kumwambia mwenye gari. Aliporudi, dada yake alikuwa amekwisha kuaga dunia.

Ameacha mume, kaka, binti wawili, mwana mmoja, wakwe na wajukuu watano. Mungu ampokee, ampe amani na pumziko lake.