Dada Plasta, Mkunga wa Wodi ya Wazazi

Dada yangu alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya karakana ya maji, mtoto wa kwanza wa fundi bomba na mshonaji, akaanza shule ya msingi mwaka 1974, sekondari mwaka 1981, na mwaka 1988 akahitimu ukunga, kazi aliyoifanya miaka thelathini na mitatu katika wodi moja.

Tarehe 20 Aprili 1991 alifunga ndoa na dereva wa lori, wakapata watoto wawili wa kiume, ambao wanajua kwamba kwa mama yao kunawa mikono kulitangulia salamu.

Aliniagiza nisifiche jambo moja, nami sifichi. Tarehe 3 Agosti 2004 alinizalisha binti yangu, na kwa furaha ya kuitwa mama mkubwa akasahau kumpaka mtoto tetrasaikilini, dawa ya macho ambayo kila mtoto pale wodini hupakwa akishazaliwa. Siku ya tatu kope zilivimba, usaha ukarudi kila nilipoufuta, jirani akasema ni matongotongo tu, nimkamulie maziwa ya ziwa langu, nikakamua, asubuhi nzima ikapotea. Dada alipofika hakuketi, alimbeba mtoto, akaniambia njiani kwamba kosa ni lake, na kwamba tukichelewa kioo cha jicho kitatoboka. Mtoto alichomwa sindano ya antibiotiki, dada akamwosha macho kwa maji ya chumvi ya hospitali kila saa, siku mbili, mimi sikumsemesha, na daktari hakutuahidi kitu. Siku ya tano mtoto alifumbua macho, akageukia dirisha.

Kosa lile aliliandika mwenyewe kwenye daftari la wodi, na tangu hapo hakuna mtoto aliyetoka mikononi mwake bila kipande cha plasta kwenye shali, chenye saa na maneno "Macho tayari", hata wenzake wakamtania kwamba akifika mbinguni atawabandika na malaika.

Figo zilianza kumsumbua Februari 2022, akafariki tarehe 9 Juni 2024, saa moja asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotuletea maji na viti, na wakunga waliokuja hapa moja kwa moja kutoka zamu.

Nimeandika mimi, mdogo wake, lakini anayewasomea ni binti yangu, yule yule wa tarehe 3 Agosti, bila miwani.

Dada, macho tayari. Pumzika kwa amani.