Gambuti za Baba

Miwani: Haloo? Haloo, nani mwenzangu? Namba hii siijui.

Dada: Ni mimi, dada yako, simu ya jirani hii. Miwani, Baba yuko huko?

Miwani: Dada, si tusalimiane kwanza! Ndiyo kwanza napanda ngazi ya dungu, hata ndege wa leo sijawaangali—

Dada: Salamu baadaye! Baba yuko huko kazini kwako au hayuko?

Miwani: Hayuko. Kazi hii ya kuangalia ndege si aliniachia mimi? Ametoka?

Dada: Nilikuwa nashona, mashine inapiga kelele. Kuinua kichwa, kiti kitupu. Nimezunguka mtaa mzima, nimeuliza mpaka koo limekauka.

Miwani: Tulia. Kachukua darubini yake?

Dada: Kachukua. Na kofia.

Miwani: Basi anakuja kuangalia ndege. Akili imemtoka mzee, lakini miguu bado inajua kazi. Nampata tu. Masika siku zote anapita juu ya tuta, anakaa nyuma ya matete kuangalia bata. Pale ni pakavu, hana sh— [mkwaruzo]

Dada: Haloo? Miwani!

Miwani: Nakusikia. Nyuma ya matete simwoni. Yangeyange wamejaa pale, wametulia tuli. Angekuwepo wangeruka. Dada, gambuti zake zipo mlangoni?

Dada: Gambuti za nini saa hizi—

Miwani: Zipo au hazipo?

Dada: Hazipo.

Miwani: Afadhali! Kazivaa, basi anajua ni masika. Atakuwa njiani—

Dada: Hakuzivaa.

Miwani: Eti?

Dada: Nilizitoa mimi jana. Nikazitundika jikoni, kwenye msumari.

Miwani: Msumari wa kiangazi?

Dada: Nilitaka asitoke! Kila akiziona mlangoni, ni kazini, kazini. Nikajua asipoziona atakaa ndani.

Miwani: Dada! Tumekua kwenye nyumba ile. Gambuti zikiwa mlangoni, mvua. Zikipanda msumarini, mvua zimekwisha. Siku hizi mzee mwezi haujui, mwaka haujui, msumari ule ndio kalenda ya—

Dada: Nilisahau! Haki ya Mungu nilisahau, Miwani. Nilikuwa namlinda.

Miwani: [pumzi] Ameuona msumari, akajua ni kiangazi. Kaenda bondeni, kwenye nyasi. Kutafuta viota vya wale wanaotaga chini.

Dada: Si ulisema bondeni kumejaa maji?

Miwani: Kumejaa. Juzi yalinifika kifuani, na mimi najua pa kukanyaga. Nyasi zimechomoza juu, ukitazama unaona uwanja tu.

Dada: Angalia basi! Angalia huko!

Miwani: Naangalia! Nyasi. Maji. Nyasi... Ngoja. Korongo wanaruka!

Dada: Wapi?

Miwani: Kule chini kabisa! Kundi zima limeruka, Dada, kuna mtu anawasogelea!

Dada: Ni yeye! Mwite!

Miwani: Babaaa! Baba, rudi nyuma! Rudiii! [kelele za ndege] Hasikii, ni mbali. Naiona kofia. Dada, kofia naiona!

Dada: Asante Mungu. Asante. Anafanya nini? Anarudi?

Miwani: Ngoja... ngoja nitazame.

Dada: Miwani, unaniua! Sema!

Miwani: Korongo wanatua.

Dada: Wanatua wapi?

Miwani: Palepale.

Dada: Palepale watuaje na mtu yupo? Miwani? Watuaje na mtu yupo?

Miwani: Simu naiacha huku juu, Dada. Naingia majini.

Dada: Ingia! Kimbia, mdogo wangu, kimbia! Usiikate, iache hivyohivyo nisikie—

[mkwaruzo, hatua zinashuka ngazi, ndege]

Dada: Miwani? ... Jirani anasema salio linakwisha. Miwani, nazishusha gambuti. Nimeshazishusha, ziko mkononi. Naziweka mlangoni, unasikia? Ziko mlangoni sasa. Mwambie Baba ni masika. Mwambie gambuti ziko mlango—