Hii ya Nini? Miaka Thelathini na Minne kwenye Benchi la Tatu

Ijumaa hii, tarehe ishirini na nane, fundi wetu wa injini wa benchi la tatu atavua ovaroli yake kwa mara ya mwisho. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na minne na miezi mitano katika gereji hii. Zaidi ya nusu yetu hatujafikisha umri huo, akiwemo karani wa mapokezi aliyepewa kazi ya kuandika ukurasa huu wa kumuaga.

Hakuingia hapa kama fundi. Aliajiriwa kufagia. Waliokuwepo wanasimulia kwamba banda moja lilimchukua siku nzima, kwa sababu kila nati aliyoikuta sakafuni aliiokota, akaenda nayo kwa fundi wa karibu na kumuuliza, "Hii ya nini?" Walipochoka kumjibu, wakaona heri wamfundishe kazi. Jina la Hii-ya-Nini likamganda, na hadi leo wapo wateja wasiolijua jina lake jingine.

Nyumbani hali ni hiyo hiyo. Mkewe ametueleza kwamba mumewe aliwahi kuifungua cherehani ya nyumbani ili aone uzi wa juu unakutana wapi na uzi wa chini. Aliifunga, ikashona vizuri, lakini skrubu moja ikabaki mezani. Mwingine angeitupa dirishani na kulala. Yeye aliifungua tena mara tatu, mpaka skrubu ikapata kwao.

Mafundi kumi na tisa wamepita mikononi mwake, na wote wanaijua kanuni yake: usitoe kitu kabla hujajua kilikuwa kinafanya kazi gani. Kila anachokitoa hukifungia kikaratasi kwa uzi, akaandika kimetoka wapi, kazi yake nini na kinarudi wapi, kisha hukiweka kwenye sanduku la mbao chini ya benchi. Vijana humtania: "Mzee, ukiuliza kila nati jina la mama yake, tutafunga lini?" Naye huwajibu bila kuinua kichwa kwenye boneti: "Afadhali umjue mama kabla hujamchukua mtoto."

Miezi saba iliyopita ililetwa gari dogo la spoti, la zamani, viti viwili, rangi ya haradali. Mwenyewe ni daktari wa meno, mama mcheshi, na shida yake ilikuwa moja: kila akipanda mlima gari linakohoa. Huko alikopita kote aliambiwa mchawi ni vile vifaa vya zamani vya kupunguza moshi vilivyojazana juu ya injini. Alitaka ving'olewe vyote. Sheria inaruhusu magari yaliyoundwa kabla ya mwaka fulani yavuliwe vifaa hivyo. Yaliyoundwa baada ya hapo hayaruhusiwi, na likikamatwa, gari huzuiwa na gereji huandikiwa kosa.

Hii-ya-Nini alikaa na injini ile asubuhi nzima kabla ya kushika spana. Alifuata kila bomba la mpira kwa kidole. Aliikuta pampu inayozungushwa na mkanda na kusukuma hewa kwenye ekzosi, bomba la kutolea moshi, ili petroli iliyoponyoka bila kuungua ikamalizikie humo. Aliikuta vali inayorudisha moshi kidogo ndani ya injini ili moto usizidi ukali. Kopo jeusi lililojaa mkaa lilimfurahisha kuliko vyote, kwa sababu kazi yake ni kumeza harufu ya petroli gari likiwa limelala na kuirudisha kwenye injini likiamka. Alimwita kila aliyepita aje aone. "Mtu alikaa chini akalifikiria hili," alisema, "na sisi tunaliita takataka." Kisha akavitoa, kimoja kimoja, kila kimoja na kikaratasi chake, kwa kuwa kadi ya kazi ilisema vitolewe.

Kinachofuata hakijawahi kusemwa hadharani.

Mwaka wa gari kwenye kadi ile uliandikwa na karani wa mapokezi. Kadi ina kisanduku kinachotaka mwaka uliogongwa kwenye kibati cha injini. Karani alitafuta kibati asikione, akaona haya kumuuliza fundi. Daktari alikuwa amesema huku akicheka, "Gari hili ni rika la kifungua mimba wangu." Karani akauliza kifungua mimba alizaliwa lini, akaandika mwaka huo.

Pampu ilipotoka, nyuma yake kulikuwa na kibati, kimefunikwa na masizi. Hii-ya-Nini alikisugua kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kisha akaita, "Mwanangu, njoo na kadi yako. Na miwani yangu." Gari lilikuwa rika la mtoto wa pili. Lilizidi mpaka wa sheria kwa mwaka mmoja.

Aliweka kidole kwenye kile kisanduku cha kadi na kuuliza kwa upole, kama anavyouliza kuhusu nati, "Hii ya nini?" Karani, aliyekuwa mwezi wa pili wa majaribio na aliyejua kosa la namna hiyo humrudisha mtu nyumbani, aliivuta kadi na kuikumbatia kifuani.

Kazi ya siku nne ikawa ya siku tisa. Vyote vilirudi mahali pake, na kama sanduku la mbao lisingekuwepo, vingekuwa vimekwenda na mnunuzi wa chuma chakavu anayepita kila Alhamisi. Katika kurudisha, Hii-ya-Nini aliona mpira mmoja mfupi kama kidole gumba, umepasuka upande wa chini usioonekana. Hapo ndipo kikohozi kilipokuwa kinatokea. Aliubadilisha, na daktari akapanda mlima hadi juu akiwa na vifaa vyake vyote, akarudi akipiga honi.

Hata hivyo, siku tisa zilitaka maelezo. Mbele ya Meneja, Hii-ya-Nini alisema mwaka ule aliutaja yeye, na kwamba udadisi ulimponza. Karani alikuwa amesimama pale pale, akamwacha aseme hivyo. Barua ya onyo ikaandikwa, ya kwanza katika miaka thelathini na minne. Aliyelifungua jalada na kuiweka ndani ni karani huyo huyo, yaani mimi.

Tangu siku ile nimesoma kila kisanduku cha kila kadi, na nisipokielewa nauliza. Nimeulizia hata visanduku ambavyo ofisi nzima haikujua kazi yake, na viwili vimeshafutwa. Hilo ni lake pia, liongezwe kwenye orodha ya aliyoyafanya hapa. Lakini siwezi kumwacha aondoke akiwa amebeba changu.

Meneja, barua ile bado ipo jaladani. Sikuthubutu kuigusa bila idhini yako. Nimeifungia tu kikaratasi kwa uzi, kama tulivyofundishwa. Kimeandikwa hivi: imetoka jalada la fundi wa benchi la tatu, kazi yake ilikuwa kumkinga karani, inarudi jalada la karani. Panabaki sahihi yako.

Mzee wetu, asante kwa kutujibu tulipouliza, na zaidi kwa kutuuliza. Mkeo amekubali ufungue chochote nyumbani isipokuwa friji inayofanya kazi. Tunakuombea afya, siku ndefu zenye vitu vingi vya kushangaza, na isibaki hata skrubu moja mezani.