Picha ya Mwezi wa Nne

Mpiga picha alikuwa akiuza kalenda zake ndani ya basi. Alimfunulia mshonaji, dada mwenye utepe wa kupimia shingoni, ukurasa wa mwezi wa nne: upinde wa mvua juu ya nyumba zilizozama. "Ona, dada. Baada ya dhiki faraja." Maneno hayohayo ndiyo yaliyonifanya ninunue kalenda yangu.

Mshonaji akaweka kidole chini ya upinde. "Na huyu juu ya bati?"

"Mama mmoja. Alinipungia mkono, akanisalimia."

"Mafuriko yote yale, akusalimie wewe una nini? Huyu ni mama yangu! Alikuwa anakuita!" Basi zima likageuka. "Alikesha hapo juu analoa, homa ya mapafu ikamchukua. Ulipomaliza kupiga, ulifanya nini?"

"Mvua ilianza tena, dada. Nilikuwa na kamera ya watu."

"Kamera ya watu! Na yule hakuwa mama wa watu?"

"Sasa mimi ningejuaje..."

"Ungeuliza!"

Basi likasimama. Wakashuka wakiendelea kufokeana. Nikaikunjua kalenda yangu mapajani. Yule mama alikuwa bado ameinua mkono.